Neno Kama Tendo: Misingi ya Uigizaji wa Jukwaani kwa Msomaji wa Kinjeketile

Tamthilia ya Kiswahili imepata bahati na mkosi kwa wakati mmoja. Bahati yake ni kwamba husomwa na maelfu ya wanafunzi kila mwaka, kwa kuwa imo katika orodha ya vitabu teule. Mkosi wake ni kwamba wengi wao huisoma kama wasomavyo riwaya: kimya, wakiwa wamekaa, kalamu mkononi, wakisaka maudhui, sifa za wahusika na tamathali za usemi. Maelezo ya jukwaani, yale yanayochapwa kwa mlazo au katika mabano, aghalabu hurukwa. Matokeo yake ni kuwa mwanafunzi anaweza kuandika kurasa tatu kuhusu tabia ya mhusika pasipo kujiuliza hata mara moja mhusika huyo amesimama wapi anapozungumza, anamtazama nani, na anataka huyo aliye mbele yake afanye nini.

Makala haya yanajadili dhana na mbinu kadhaa za uigizaji wa jukwaani. Hoja inayoyaongoza ni kwamba mwigizaji hasemi maneno tu, bali hutenda kwa maneno. Na kwamba msomaji asiyejua jinsi tendo hilo linavyojengwa hukosa sehemu ya maana ya matini yenyewe. Ili mjadala usielee hewani, utajikita katika tamthilia moja, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, na hususan katika onyesho ambamo Kinjeketile anatoka majini akiwa amepagawa. Onyesho hilo ndilo linalowavutia waigizaji wachanga kuliko mengine yote. Ndilo pia wanaloliharibu kuliko mengine yote.

Ukariri na utendaji

Anayehudhuria maonyesho ya vitabu teule katika mabwalo ya shule huweza kutambua mtindo mmoja unaojirudia. Mwigizaji huingia, huielekea hadhira, hupaza sauti, hunyosha mkono wa kulia kwenye neno la kwanza na wa kushoto kwenye neno la pili, kisha humpisha mwenzake afanye vivyo hivyo. Wawili hao huweza kugombana, kuposana au kuuana bila ya kutazamana. Si haki kuwalaumu moja kwa moja. Bwalo lina mwangwi, paa ni la mabati, na mvua ikinyesha hata radi husikika kwa shida. Aidha, wengi wao wamelelewa katika ukariri wa mashairi na ngonjera, fani ambazo zinadai kabisa kwamba msanii aielekee hadhira na kuisemesha. Katika ngonjera, hadhira ndiyo hakimu wa malumbano, kwa hiyo ni sawa kuigeukia.

Katika tamthilia mambo ni tofauti. Mhusika anamsemesha mhusika mwenzake, na hadhira hupata maana kwa kuchungulia yanayotukia baina yao. Neno likitoka kwa mwigizaji likapita juu ya bega la mwenzake na kwenda kutua kwenye viti vya nyuma, hakuna kilichotendeka jukwaani. Mwenzake hana cha kujibu. Atasubiri tu zamu yake ifike. Ndiyo maana walimu wa uigizaji husisitiza kusikiliza kabla ya kusema. Kusikiliza huko si adabu tu. Ni kazi ya jukwaani: mwigizaji huliacha neno la mwenzake limguse, limbadilishe pumzi au mkao, na jibu lake lizaliwe kutokana na badiliko hilo.

Mazingira, nia na kikwazo

Mtu aliyeipa taaluma hii msamiati wake mkuu ni Mrusi Konstantin Stanislavski (1863–1938), ambaye mwaka 1898 alishirikiana na Vladimir Nemirovich-Danchenko kuanzisha Jumba la Sanaa la Moscow. Stanislavski alichukizwa na uigizaji wa ishara zilizozoeleka: mkono kifuani kuonyesha mapenzi, kiganja kwenye paji la uso kuonyesha majonzi. Badala yake alimtaka mwigizaji aanze kwa kuyachunguza mazingira ambayo matini imempa mhusika. Yeye ni nani? Yuko wapi? Ni saa ngapi? Ametoka wapi kabla ya kuingia jukwaani? Kisha ajiulize: kama mimi ningekuwa katika hali hiyo, ningefanya nini? Neno kama ndilo ufunguo. Mwigizaji hatakiwi kuamini kwamba yeye ni Kinjeketile; anatakiwa kujiuliza angetenda nini kama angekuwa mahali pa Kinjeketile.

Mazingira katika Kinjeketile si mepesi. Watu wanalazimishwa kulima pamba ya Mjerumani, mashamba yao wenyewe yakabaki magugu. Wana njaa. Wametawanyika katika makabila yasiyoaminiana, na adui ana bunduki. Vita vya Maji Maji, ambavyo tamthilia inavichukua kuwa chimbuko lake, vilipiganwa kati ya 1905 na 1907 kusini mwa nchi ambayo sasa ni Tanzania. Mwigizaji wa mjini asiyewahi kushika jembe kutwa nzima huwa na mgongo ulionyooka mno kwa mtu wa dunia hiyo. Hili ni jambo dogo, lakini hadhira huliona kabla ya neno la kwanza kutamkwa. Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, mazoezi ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ yalifanywa hadharani, na wanakijiji waliokuwa wakitazama walitoa maoni na masahihisho yao. Wakulima na wafanyakazi wakawa walimu wa uigizaji wa maisha yao wenyewe. Serikali ilipiga marufuku onyesho hilo Novemba mwaka huohuo.

Baada ya mazingira huja nia, yaani kile ambacho mhusika anakitaka katika kila hatua ya mazungumzo. Hapa kosa kubwa ni kuigiza hisia badala ya nia. Mwigizaji akiambiwa kwamba mhusika ana huzuni, atainamisha kichwa, atavuta maneno, na baada ya dakika mbili hadhira itaanza kutafuta saa. Huzuni haiigiziki, kwa kuwa si tendo. Linaloigizika ni kumbembeleza mtu abaki, kumficha mtu machozi, kumpima mtu kama anasema kweli. Nia hutajwa kwa kitenzi, na kwa bahati njema Kiswahili kina nyenzo ambayo lugha nyingi hazina: kiambishi cha yambwa. Kumtuliza, kumtisha, kuwachochea, kuwazuia. Viambishi -m- na -wa- vinamkumbusha mwigizaji kuwa tendo lake lina mlengwa, na kwamba mlengwa huyo yupo jukwaani akiwa hai. Mwongozaji anaweza kuweka kanuni katika mazoezi kuwa nia yoyote isiyoweza kubeba kiambishi cha yambwa ifutwe pambizoni mwa nakala ya mwigizaji na itafutwe nyingine.

Chukua sentensi ya kawaida kabisa: "Kaa hapa." Mama anaweza kuitumia kumliwaza mtoto, polisi kumwamuru mshukiwa, mpenzi kumsihi mpenzi, na tapeli kumtega mgeni. Maneno ni yaleyale mawili. Maana iliyofichama chini ya maneno ndiyo inayobadilika, na hadhira huipata kutokana na nia, si kutokana na kamusi.

Nia bila kikwazo haizai mchezo. Kinjeketile wa sehemu ya pili ya tamthilia anaeleza jambo hili vizuri. Shaka kuhusu maji imekwisha kumwingia. Watu wanataka vita upesi. Yeye anataka wangoje. Mwigizaji dhaifu huigiza shaka: sura iliyokunjamana, macho chini, hatua za kuyumba. Lakini mazingira yanampa Kinjeketile nia mbili zinazogongana. Anataka kuwazuia watu wasikimbilie mauti, na wakati huohuo anataka kuuhifadhi umoja ambao umetokana na imani yao katika maji yaleyale. Akisema wazi kwamba maji hayawezi kuzuia risasi, atauvunja umoja. Asiposema, watakufa. Basi kila neno lake ni jaribio la kupita katika njia nyembamba baina ya mambo haya mawili, na kila jibu la watu linaifanya njia hiyo kuwa nyembamba zaidi. Mwigizaji akiyashika haya, hahitaji kukunja uso. Shaka itaonekana yenyewe.

Kupagawa bila kupoteza mshiko

Sasa lije onyesho la pagao. Kinjeketile ameingia majini, watu wamesubiri, naye anatokea akiwa amejazwa na Hongo. Anazungumzia umoja, anazungumzia maji, na umati unapandwa na jazba. Mwigizaji mchanga anapoonja onyesho hili huona ruhusa ya kufanya kila kitu: kutetemeka, kugaragara, kutoa povu, kupiga kelele hadi sauti ikakauka. Ngoma zinapigwa kwa nguvu zote. Hadhira inashangilia. Kisha tamthilia inaanza kudhoofika, na hakuna anayejua kwa nini.

Sababu iko ndani ya matini. Katikati ya unabii wake Kinjeketile anatamka kwamba baada ya Mjerumani kuondoka, watu watakuwa chini ya Seyyid Said, yaani sultani wa Unguja. Kauli hii haipatani na yaliyotangulia. Watu wanaotafuta kujikomboa kutoka kwa mtawala mmoja wanaahidiwa mtawala mwingine, tena mwenye historia ya biashara ya watumwa nyuma yake. Kinjeketile anapoyatambua maneno aliyoyatamka, imani yake inapata ufa, na ufa huo ndio unaoibeba sehemu yote inayofuata: shaka, kuchelewesha vita, mgogoro kati yake na watu wake. Kwa hiyo iwapo hadhira haikuisikia kauli ile kwa sababu ya ngoma na kelele, shaka ya baadaye haina mzizi. Kinjeketile ataonekana mwoga au kigeugeu. Mwanafunzi aliyetazama onyesho kama hilo ataandika hivyo katika mtihani, naye atakuwa ameripoti kwa uaminifu alichokiona.

Hapa swali kongwe la uigizaji linajitokeza: je, mwigizaji anapaswa kuhisi kweli anachokiigiza? Mfaransa Denis Diderot (1713–1784), katika maandishi yake kuhusu kitendawili cha mwigizaji, yaliyochapishwa 1830 baada ya kufa kwake, alishikilia kwamba mwigizaji bora huwa mtulivu ndani yake. Anayetegemea hisia peke yake hufana leo na kuboronga kesho, kwa kuwa hisia haziitiki kwa amri. Mwenye utambuzi huweza kulirudia tendo lilelile kwa ukamilifu uleule usiku hadi usiku.

Onyesho la pagao linampa Diderot nguvu. Katika ngoma za pepo za pwani ya Afrika Mashariki, aliyepandwa na pepo hachukuliwi kuwa anaigiza. Wahusika wa shughuli hiyo humwona pepo ndiye anayesema kupitia kwake, na kazi ya waliomzunguka ni kumsikiliza, kumfasiri na kumtuliza. Hakuna anayetarajia kwamba atakumbuka sentensi ya kumi na mbili, asimzibe mwenzake, na anyamaze pale taa zinapozimwa. Mwigizaji wa Kinjeketile anatarajiwa kufanya hayo yote. Lazima aonekane hana mshiko ilhali anao. Lazima apagawe kwa kipimo.

Kipimo hicho hujengwa kupitia mwili. Katika miaka yake ya mwisho Stanislavski mwenyewe aliweka mkazo zaidi katika mfululizo wa matendo ya mwili, akiamini kwamba mwili ukitenda kwa usahihi, hisia hufuata bila ya kuburutwa. Mwigizaji wa Kinjeketile anaweza basi kuanza na mambo madogo yanayoshikika. Nguo ina uzito gani mabegani? Pumzi ya mtu aliyetoka majini huingia kwa mikupuo; je, inatulia kwenye neno lipi? Macho yanamwona nani, na yanampita nani kana kwamba hayupo? Akishapata majibu, ayapange katika ramani isiyobadilika: hapa pumzi ni fupi, hapa mkono unainuka, hapa mwili wote unatulia. Kauli ya Seyyid Said iwekwe mahali pa utulivu. Kelele ishuke kabla yake, ngoma ipungue hadi iwe pigo moja moja, na sentensi itoke kwa sauti ya chini, wazi, isiyo na haraka. Kinyume na wanavyodhani wengi, utulivu wa ghafla ndani ya fujo hutisha kuliko fujo yenyewe.

Mzigo huu hauko kwa Kinjeketile peke yake. Hadhira hutazama kule ambako watu wa jukwaani wanatazama. Hii ni kanuni rahisi na haina gharama yoyote. Umati wote ukishangilia kila neno kwa kiwango kilekile, hadhira haitajua neno lipi lina uzito. Lakini mtu mmoja miongoni mwao akiacha kushangilia, macho yatamwendea. Kitunda ndiye anayefaa kazi hiyo. Hahitaji ishara kubwa. Mkono uliokuwa hewani ukisita kushuka, hiyo inatosha. Hadhira itakumbuka mkono ule baadaye. Wanaopewa nafasi za umati katika maonyesho ya wanafunzi mara nyingi hujiona wamenyimwa nafasi, na baadhi hawaji mazoezini. Onyesho hili haliwezi kusimama bila wao.

Silabi ya kwanza

Kuhusu sauti, mambo mengi yanayofundishwa hayana upekee wa Kiswahili na yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Pumzi ivutwe hadi chini ya mbavu, mabega yasipande. Zoezi la kulala chali na kuweka kitabu juu ya tumbo, kisha kukitazama kikipanda na kushuka, linatosha kumfunza mtu pumzi inakopaswa kufika. Sauti ipelekwe mbali kwa msukumo wa pumzi hiyo, si kwa kukaza koo. Konsonanti zitamkwe kwa ukali kuliko katika mazungumzo ya kawaida, kwa maana ndizo zinazopambanua maneno katika ukumbi wenye mwangwi.

Lakini kuna jambo moja ambalo vitabu vya uigizaji vilivyoandikwa kwa lugha za Ulaya havitamwambia mwigizaji wa Kiswahili. Shadda ya Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, ilhali ukanushi wa kitenzi, nafsi na wakati mara nyingi hukaa mwanzoni. Tazama maneno haya mawili: tutapigana na hatutapigana. Shadda iko kwenye ga katika yote mawili. Tofauti ya vita na amani imebebwa na ha, silabi isiyo na shadda, iliyo mwanzoni kabisa, pale ambapo mwigizaji aghalabu ndiyo kwanza anafungua kinywa na pumzi haijashika. Akiimeza, Kinjeketile aliyekuwa akiwazuia watu atasikika akiwaongoza vitani. Kadhalika nitakuja na sitakuja, walijua na hawakujua. Dawa yake ni kuanza pumzi kabla ya neno, si pamoja nalo, na kuipa silabi ya kwanza muda wake kamili bila ya kuitia shadda isiyostahili. Wapo wanaoipigia nundu silabi hiyo ili isikike. Hao huitengua lafudhi na kumfanya mhusika aonekane mgeni wa lugha.

Shahidi wa ajali

Mjerumani Bertolt Brecht (1898–1956) alitilia shaka lengo la kuifanya hadhira izame katika hisia za mhusika. Hadhira iliyozama, alihoji, haifikiri. Alipendekeza ukengeushi: mbinu za kuifanya hadhira ilione jambo lililozoeleka kana kwamba inaliona mara ya kwanza, ili ilihukumu. Mfano wake maarufu ni wa shahidi wa ajali ya barabarani. Shahidi huyo huonyesha jinsi dereva alivyokata kona na jinsi mpita njia alivyoanguka, lakini hageuki kuwa dereva wala mpita njia. Anaonyesha ya kutosha tu kwa wasikilizaji kuamua nani ana kosa.

Msomaji aliyewahi kumsikiliza bibi akitamba hadithi hatashangaa. Mtambaji huwa fisi kwa sentensi mbili, huwa sungura kwa sentensi moja, kisha hurudi kuwa bibi na kuwauliza wasikilizaji maoni yao. Hamsahau fisi, wala hapotelei ndani yake. Mbinu ambayo vitabu vinaihusisha na Berlin imekuwa ikitumika kando ya jiko kwa muda mrefu. Hussein mwenyewe, ambaye katika miaka ya 1970 alifanya utafiti wake wa uzamifu kuhusu tamthilia ya Afrika Mashariki katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, baadaye aliutumia utambaji waziwazi katika kazi zake za jukwaani.

Je, Kinjeketile aigizwe kwa njia ya Stanislavski au ya Brecht? Swali hili hupendwa katika semina, na limewekwa vibaya. Onyesho la pagao linahitaji mwili ulioandaliwa kwa njia ya kwanza. Onyesho la mwisho, ambamo Kinjeketile amefungwa na Mjerumani anamtaka akiri kuwa maji yalikuwa uongo, linaihitaji ya pili. Yeye mwenyewe alikwisha kuyatilia shaka maji. Vita vimeshindwa, watu wamekufa. Kukiri kungekuwa rahisi, na kwa namna fulani kungekuwa kusema kweli. Anakataa, kwa sababu anaona kwamba kauli hiyo itatumiwa kuwaaminisha watoto wa kesho kuwa kupigana kwenyewe kulikuwa kosa.

Mwigizaji akililia onyesho hili, hadhira italia naye na kwenda nyumbani. Afadhali atumie kituo. Mjerumani anauliza; Kinjeketile ananyamaza kwa muda unaozidi kidogo ule ambao hadhira inauvumilia. Katika ukimya huo mtazamaji analazimika kujibu swali kwa niaba yake mwenyewe: mimi ningekiri? Mwongozaji atakayethubutu anaweza kumfanya Kinjeketile ageuze uso kutoka kwa afisa na kuielekea hadhira, kwa mara ya kwanza katika mchezo mzima, kabla ya kukataa. Tendo hilo litakuwa na nguvu pale tu ambapo waigizaji wamekuwa wakitazamana wao kwa wao tangu onyesho la kwanza. Kama wamekuwa wakiielekea hadhira muda wote, hakuna atakayetambua kuwa amegeuka.